Mtazame Mr. Bean, Lakini Anza na Meza

Mwaka 1987 mchekeshaji wa Uingereza Rowan Atkinson alialikwa kwenye tamasha la vichekesho la Just for Laughs mjini Montreal, Kanada. Waandaaji walipokuwa wakipanga ratiba, alisisitiza awekwe kwenye maonyesho ya Kifaransa, si ya Kiingereza, ingawa hakuwa na neno hata moja la Kifaransa katika mchezo wake. Alikuwa na mhusika mpya, bwana mmoja asiyesema sana, na alitaka kumpima mbele ya watu wasioitegemea lugha yake. Tarehe 1 Januari 1990 mhusika huyo aliingia kwenye televisheni ya ITV kwa jina la Mr. Bean, na kipindi hicho cha kwanza kikatwaa Waridi la Dhahabu kwenye tamasha la Montreux, Uswisi.

Vipindi vya mtu halisi, ukiacha katuni na filamu za sinema, ni 15 tu, vyote vya kati ya 1990 na 1995. Afrika Mashariki wamevitazama watu wa rika zote, sebuleni na kwenye mabasi ya safari ndefu, na wengi wanakumbuka uso wa Atkinson: macho yakitoka, midomo ikipinda. Uso huo unastahili sifa zake. Lakini mhusika akishanyang'anywa ulimi, kuna kingine kinacholazimika kuzungumza, na katika Mr. Bean kinachozungumza ni vitu: kufuli, kofia, soksi, kadi ya siku ya kuzaliwa, gari la magurudumu matatu. Vichekesho vyetu vingi vimesimama juu ya maneno. Nchini Kenya, Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi alichekesha kwa lafudhi, na kipindi cha Vioja Mahakamani huishi kwa majibu ya mshtakiwa. Kwa Bean mambo ni kinyume, kwa hiyo hata jicho la mtazamaji linahitaji kufundishwa upya. Hatua zifuatazo zinaonyesha namna ya kufanya hivyo.

Tazama mara mbili, mara ya pili bila sauti

Mara ya kwanza cheka kama kawaida. Usikatize wala usichambue, kwa sababu kicheko chenyewe ndicho ushahidi wa kile kilichofanya kazi. Mara ya pili zima sauti, shika rimoti, na kaa na karatasi. Bila muziki wa Howard Goodall na bila vicheko vya watazamaji, hakuna anayekuelekeza pa kuangalia. Macho yanaanza kuzunguka yenyewe kwenye meza, rafu, ukuta na mikono ya watu waliokaa pembeni.

Kila onyesho jipya linapoanza, simamisha picha kabla Bean hajagusa kitu. Andika unachokiona. Orodha ya vitu sita au saba inatosha. Kisha endelea, ukiweka alama kwenye kila kitu kitakachotumika. Utagundua mapema kwamba waandishi Atkinson, Richard Curtis na Robin Driscoll hawakupamba chumba kwa ajili ya kupamba. Karibu kila kilichopo mbele ya kamera kina zamu yake.

Jaribu kwanza kwenye onyesho la mgahawani katika The Return of Mr. Bean, kipindi cha pili, kilichorushwa Novemba 1990. Bean ameketi peke yake kwenye mgahawa wa kifahari. Anatoa kadi ya siku ya kuzaliwa, anaiandika mwenyewe, anaitia kwenye bahasha, kisha anaifungua kwa mshangao kama vile imetumwa na mtu mwingine. Kadi inasimama pale mezani, na sasa tunajua jambo zito kuhusu mtu huyu: hana wa kumkumbuka siku aliyozaliwa. Hakuna sentensi iliyotumika kulisema.

Kisha chakula kinafika. Ameagiza steak tartare bila kujua ni nini, nayo ni nyama ya ng'ombe ya kusaga, mbichi kabisa. Hawezi kuila, na hana ujasiri wa kuirudisha. Hapo orodha yako inaanza kufanya kazi. Chupa ya haradali, mkate mdogo, bakuli la sukari, chombo cha maua, sahani ya pembeni: kila kimoja kinapokea tonge la nyama. Meza ikijaa, anageukia mkoba wa mama wa meza ya jirani, halafu suruali ya mpiga fidla anayepita akiwaburudisha wateja. Ukirudisha picha nyuma utaona vile vya mezani vyote vilikuwa hapo tangu mwanzo, vimepangwa kama kwenye mgahawa wowote, bila kuvuta jicho.

Uzuri wa onyesho hilo uko kwenye mwisho wake. Bean anamtega mhudumu kwa mguu, mhudumu anaanguka, na nyama yote iliyofichwa huku na kule ghafla inapata maelezo: imemwagwa na mhudumu. Kila maficho yanageuka kuwa ushahidi. Mgahawa unamwomba radhi, unamhamishia meza safi, na kwa ukarimu unamletea sahani nyingine ya nyama ileile. Fuata njia ya nyama kutoka sahani hadi sahani, na muundo wote wa onyesho utakuwa wazi mbele yako.

Uliza kila kitu kimepewa kazi gani mpya

Bean haoni kitu kama jamii ilivyokubaliana kukitumia. Anaona kinachoweza kufanyika nacho. Hii ndiyo kanuni moja inayoshika vipindi vyote 15, na ukiishika wewe pia, hakuna onyesho litakalokupita.

Mfano ulio bora uko kwenye The Curse of Mr. Bean, kipindi cha mwisho wa Desemba 1990. Bean ameketi kwenye benchi la bustani kando ya bwana mmoja nadhifu, aliyeigizwa na Angus Deayton. Bwana huyo anafungua mkate wake uliokwisha kutayarishwa nyumbani. Bean naye anataka kula, ila yeye ataupika mlo wake papo hapo, kutoka ndani ya koti.

Tazama vitu vikitoka kimoja kimoja. Unatoka mkate mzima, na mkasi wa kuukatia vipande. Inatoka siagi, nayo inapakwa kwa kadi ya benki. Majani ya saladi yanatiwa ndani ya soksi, na soksi inazungushwa hewani hadi maji yakauke. Wanatoka samaki wadogo wangali hai, na Bean anawapiga kwenye benchi kabla ya kuwalaza juu ya saladi. Punje za pilipili manga zinafungwa kwenye leso na kupondwa kwa kiatu. Chai nayo imo safarini: ndani ya nguo mna ile chupa ya mpira ambayo Waingereza huitia maji ya moto na kulala nayo wakati wa baridi, na Bean anatumbukiza humo mfuko wa majani ya chai. Maziwa yako kwenye chupa ya kunyonyeshea mtoto.

Sasa simamisha picha na ujiulize swali la fundi: je, kuna kifaa kilichoshindwa kazi? Hakuna. Mkasi unakata, kadi inapaka, soksi inakausha. Kichekesho kinatokana na kwamba kila kifaa kinaifanya vizuri kazi isiyo yake. Kinachoharibu kila kitu ni chafya ya Bean mwenyewe, inayotawanya mlo na chai. Bwana wa pembeni, aliyekuwa akitazama kwa mshangao muda wote, anamgawia mkate wake.

Wazo hili la vifaa halikumjia Atkinson kutoka hewani. Kabla ya uigizaji alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Newcastle, kisha akaendelea na shahada ya pili Oxford. Katika vipindi vingi kuna tatizo la kiufundi linalotatuliwa kwa kamba, fimbo na chochote kilicho karibu. Kilele chake kimo katika Do-It-Yourself Mr. Bean cha Januari 1994. Bean amenunua vitu vingi dukani, likiwemo kochi, na vikishaingia kwenye gari, nafasi ya dereva hakuna. Analifunga kochi juu ya paa, anakaa humo, na kuliendesha gari kwa kamba na mpini wa ufagio. Onyesho hilo lilipigwa picha katika mji mdogo wa Arundel, kusini mwa Uingereza. Mwaka 2015, Mr. Bean alipotimiza miaka 25, Atkinson alilirudia karibu na kasri la Buckingham, akiwa juu ya paa la gari la kijani kama lile, ndani ya kochi.

Weka alama kwenye kitu kinachopita kimyakimya

Baadhi ya vitu vinaonyeshwa mapema, vinasahaulika, kisha vinarudi kutoa pigo. Kuvinasa kabla havijarudi ndilo zoezi gumu kuliko yote katika mwongozo huu, na ndilo linalolipa zaidi.

Anza na kipindi cha kwanza kabisa. Bean yuko kwenye chumba cha mtihani. Amesoma trigonometria, na karatasi aliyoitoa kwenye bahasha inauliza kalkulasi. Dakika zote za onyesho anahangaika kuchungulia kwa jirani. Muda unapokwisha ndipo anaposikia kwamba mtihani ulikuwa na karatasi mbili, na mtu alichagua mojawapo. Ile aliyoisomea ilikuwa ndani ya bahasha yake, mezani pake, tangu dakika ya kwanza. Kwenye kipindi hichohicho anahangaika ufukweni kuvaa nguo ya kuogelea bila kuvua suruali kwanza, kwa aibu ya bwana mmoja mwenye miwani ya giza aliyekaa karibu. Bwana anaponyanyuka na kushika fimbo nyeupe, mtazamaji anatambua kwamba hakuwa anaona chochote. Miwani ilikuwa pale muda wote, na tuliidhania ni ya jua.

Kwenye Mr. Bean Rides Again cha 1992, tazama onyesho la kufungasha safari. Sanduku ni dogo. Bean anakata mpini wa mswaki, anaikata suruali ndefu iwe kaptura, anapunguza kila kinachopungua. Akimaliza anagundua ana sanduku jingine kubwa zaidi. Anafanya nini? Analitia lile dogo ndani ya kubwa, likiwa limefungwa vilevile.

Halafu kuna kofia. Kwenye Do-It-Yourself Mr. Bean wageni wawili wanakuja kusherehekea mkesha wa Mwaka Mpya, wanachoka upesi, wanaisogeza saa ya ukutani mbele ili saa sita ifike haraka, na kukimbilia sherehe nyingine jirani. Kofia ya mmoja inabaki nyuma. Hakuna anayeizungumzia. Baadaye Bean anaamua kupaka rangi chumba kizima kwa mpigo mmoja: anafunika kila kitu kwa magazeti, hata zabibu moja moja, anatega fataki ndani ya kopo la rangi nyeupe na kutoka nje. Sekunde hizo ndizo mgeni anazorudi kuchukua kofia yake. Chumba kinapolipuka, rangi inaenea kila mahali isipokuwa sehemu moja ya ukuta, penye umbo la mtu aliyenyoosha mkono. Bean anaingia, anakuta kivuli kisicho na mwenyewe, na haelewi kimetoka wapi. Mtazamaji aliyeiwekea kofia alama anaelewa kabla ya wote.

Saa ya mkononi nayo inastahili alama kwenye Merry Christmas Mr. Bean ya Desemba 1992. Picha ya Bean akiwa na batamzinga kichwani inajulikana duniani kote, lakini wengi wamesahau sababu yake. Alipokuwa akimjaza ndege huyo viungo, saa yake iliingia ndani, naye akaingiza kichwa kuitafuta. Ukiondoa saa, linabaki tukio la kipuuzi. Ukiirudisha, Bean ni mtu mwenye hoja kamili, anayefuata njia iliyonyooka hadi mahali pabaya.

Soma kilicho nyuma yake

Mandhari ya Mr. Bean ni Uingereza ya kawaida ya miaka ya 1990: vyumba vya kupanga, maduka makubwa, hospitali, bustani za umma. Ukawaida huo ni wa makusudi. Kadiri watu wa nyuma wanavyokuwa watulivu, ndivyo Bean anavyojitokeza. Usimwangalie yeye pekee. Angalia mwenye benchi, mwenye mkoba, muuza duka. Nyuso zao ndizo kipimo cha tabia njema anayoivunja.

Baadhi ya vitu vya nyuma vinahitaji maelezo kidogo kwa mtazamaji wa huku kwetu. Kwenye sherehe ile ya Mwaka Mpya, Bean anakosa vitafunwa, anavunja vijiti vya mti na kuvichovya kwenye Marmite, ile rojo nyeusi ya hamira yenye chumvi kali ambayo Waingereza hupaka kwenye mkate. Mwingereza anatambua mara moja kwamba anaiga Twiglets, vitafunwa vya dukani vyenye umbo la vijiti na ladha hiyohiyo. Kinywaji nacho ni siki iliyotiwa sukari. Ukijua hayo, umaskini wa Bean na hamu yake ya kuwakirimu wageni vinaonekana pamoja kwenye sinia moja.

Kwenye kipindi cha Krismasi, simama mbele ya onyesho la kuzaliwa kwa Yesu dukani. Sanamu za mchungaji na mtoto zilipangwa kwa heshima. Bean anaingiza vifaru, dinosau na helikopta ya kuchezea, na kuvichezesha kama mtoto wa miaka saba. Dakika chache baadaye kitu kingine cha dirishani kinavunja moyo. Irma Gobb, rafiki yake wa kike aliyeigizwa na Matilda Ziegler, anamwonyesha dirisha la sonara: pete, na nyuma yake picha ya wapenzi wawili wenye furaha. Siku ya sikukuu Bean anamzawadia picha. Irma anapewa pia kiboksi kidogo, anakifungua kwa matumaini, na ndani yake mna ndoano ya kutundikia picha. Bean aliangalia dirisha lilelile, akaona kitu kikubwa zaidi.

Fuatilia vitu vinavyorudi

Vitu vitatu vinavuka kipindi hadi kipindi, na kila kimoja kinafaa kuandikiwa ukurasa wake.

Cha kwanza ni gari aina ya Mini, lile gari dogo alilolibuni Alec Issigonis na kuingizwa sokoni mwaka 1959. La Bean ni la kijani cha ndimu lenye boneti nyeusi. Mlango wake unafungwa kwa komeo na kufuli, kama mlango wa stoo. Bean pia anang'oa usukani na kuondoka nao. Hesabu ni mara ngapi usukani huo unaingia mahali usipotarajiwa.

Cha pili ni Reliant Regal ya buluu, gari la magurudumu matatu lililotengenezwa Tamworth. Zamani lilipendwa na Waingereza wenye kipato kidogo, kwa kuwa liliruhusiwa kuendeshwa kwa leseni ya pikipiki. Tangu kipindi cha kwanza Bean ana ugomvi nalo: analisukuma, analipindua, analinyang'anya maegesho. Dereva wake haonekani kamwe. Kwenye Tee Off, Mr. Bean cha 1995, Bean anasimama barabarani akiomba lifti, Reliant inasimama kumchukua, naye anajifanya hajaiona. Mchezo huo mfupi hauna maana kwa asiyefuatilia, na ni mtamu sana kwa anayefuatilia.

Cha tatu ni Teddy, dubu wa kufuma wa rangi ya kahawia mwenye macho ya vifungo. Bean anamlaza, anamnunulia zawadi, na siku ya kupaka rangi anamtumia kama brashi. Kwa dobi anasinyaa. Andika ni lini Teddy ni rafiki na ni lini ni kifaa, maana Bean mwenyewe haoni mgongano kati ya mambo hayo mawili.

Tofautisha kosa na makusudi

Jicho likishazoea litaanza kuona mambo yasiyolingana. Gari la Bean kwenye kipindi cha kwanza ni la rangi ya chungwa, kisha linakuwa la kijani. Kwenye Back to School Mr. Bean cha 1994, Mini inapondwapondwa na kifaru cha jeshi. Vipindi vya baadaye inatembea barabarani bila maelezo. Yaandike, lakini usiishie hapo. Jiulize kama jambo hilo linabadilisha kicheko. Rangi ya gari haibadilishi kitu. Kupondwa kwa gari kunabadilisha, kwa sababu Bean mwenyewe ndiye aliyeliondoa gari jingine linalofanana na lake ili apate nafasi ya kuegesha, na hivyo akaliweka lake kwenye njia ya kifaru. Nafasi ile ya maegesho ndiyo ya kuwekea alama.

Kwa anayetengeneza vichekesho vyake

Vijana wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa sasa wanarekodi vichekesho vifupi kwa simu. Mbinu hizi zinawafaa bila gharama. Chagua chumba kimoja na vitu vitano vilivyomo, usiongeze cha sita. Andika kazi ya kawaida ya kila kimoja, kisha kazi nyingine ambayo kingeweza kuifanya kweli. Kitu kimoja kionyeshwe mwanzoni kwa sekunde mbili bila kutajwa, kirudi mwishoni. Mtu wa pembeni abaki mtulivu. Kisha rekodi bila maneno, umwonyeshe mtu asiyejua lugha yako, utazame macho yake yanakwenda wapi.

Kwa anayetaka kutazama tu, mpangilio mzuri ni huu. Anza na The Return of Mr. Bean kwa ajili ya meza, fuata na The Curse of Mr. Bean kwa ajili ya koti, kisha Do-It-Yourself Mr. Bean kwa ajili ya kofia. Merry Christmas Mr. Bean iwe ya nne, na ukifika dirisha la sonara, simamisha picha pale Irma anaponyoosha kidole, upime mwenyewe umbali kati ya pete na ile picha iliyo nyuma yake.